Aminiel Wawili Kwenye Kompyuta Mpya

Jumamosi, 26 Februari 2000

Kompyuta mpya imefika! Ile ya zamani imerukwa na akili tangu Mwaka Mpya — ukiiwasha inakuambia tuko mwaka 1980. Kule kazini Usa River, Wazungu wa maua walikesha ofisini wakingoja mitambo yao ya kumwagilia ife mwaka 2000 ukiingia, saa sita kamili usiku. Haikufa hata pampu moja. Iliyokufa ni yangu, ya kuandikia sukari na mafuta ya taa. Ng'ombe wa maskini hazai.

Fundi ni Bwana Abdiel, mzee wa kanisa wa usharika wetu, koti na kofia, bisibisi mfukoni. Ananieleza mambo polepole kama vile mimi ni mtoto wa chekechea, na mimi ndiye nashika hesabu za shamba zima la waridi! Nikamwacha aeleze. Mtu akikufanyia kazi nyumbani kwako mwache ajisikie.

Taabu ilikuwa hii. Kwenye programu ya mahesabu ya nyumbani tulikuwa na vitabu viwili. Kimoja changu, cha matumizi ya kila siku. Kingine alifungua mume wangu Godwin mwaka jana baba yake alipokuwa anaumwa — kila dawa, kila safari, ili ndugu zake waone hakuna kilichofichwa. Programu mpya inataka kitabu kimoja tu. Bwana Abdiel akaleta vyote kwa diski, akaanza kuviunganisha.

Mimi niko jikoni nakoroga uji wa Ami. Mama mkwe amempakata sebuleni — ameshuka kutoka kijijini Poli tangu mwezi uliopita kunishikia mtoto. Bwana Abdiel akauliza kwa sauti: mashine inasema Aminiel yupo kwenye vitabu vyote viwili, inataka kujua kama ni mtu huyohuyo. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akadakia: "Ndiye huyohuyo, amerudi! Si mume wangu huyu?" Akambusu mtoto shavuni. Tukacheka wote watatu. Bwana Abdiel akabonyeza.

Utani wa bibi na mjukuu, na tena ni kweli. Kwao Meru, kama kwetu Machame, mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu mzaa baba. Baba mkwe alifariki Machi mwaka jana, mimi tumbo liko mbele. Ami akazaliwa Juni. Hakuna hata mtu aliyeuliza ataitwa nani.

Ile ya zamani Bwana Abdiel ameifuta yote, akaondoka nayo kwa ajili ya ofisi ya usharika. Meza yangu imepata nafasi. Nimefurahi kama mjinga.


Jumatatu, 28 Februari

Nimeiwasha asubuhi kabla gari la kazini halijapita. Kabla hata sijagusa kitu, kidirisha kidogo kikajitokeza katikati. Ukumbusho wa leo: Aminiel — dawa ya kikohozi.

Nikacheka! Ami mwenyewe alikuwa kwenye mkeka anahangaika kuula mguu wake. Nikamwambia mama mkwe, huyu mume wako anatakiwa kunywa dawa. Hakucheka. Akauliza, Aminiel yupi? Nikasema sasa yupo mwingine? Akamvika mtoto sweta, na jua lote hili.

Jioni.

Ami anakohoa. Sawa, vumbi. Februari mtaa wetu wote wa Engutoto unakohoa, hata mbwa.

Ila anakohoa mara mbili, kisha kimya. Baada ya muda, mara mbili tena. Baba mkwe alikuwa hapigi hodi kwa mdomo. Akifika mlangoni anakohoa mara mbili, anasimama, anangoja. Ndiyo ilikuwa hodi yake, kila mtu Poli aliijua. Leo tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori, mimi na mama mkwe. Ami akakohoa chumbani. Mama mkwe, kisu mkononi, akaitikia: "Karibu!"

Tukatazamana. Akasema alidhani kuna mtu mlangoni. Tukaendelea kumenya ndizi.


Jumanne, 29 Februari

Leo mashine kimya. Hakuna ukumbusho wowote. Nikakaa nashangaa, halafu nikaelewa: inarudia ya mwaka jana, na mwaka jana haukuwa na tarehe ishirini na tisa.

Na Ami mzima kabisa! Hajakohoa hata kidogo. Amekula uji wote, amenivuta hereni, amecheka na pazia. Siandiki zaidi.


Alhamisi, 2 Machi

Kikohozi kilirudi jana, na ukumbusho wa dawa ukarudi nacho. Leo mashine inasema: Aminiel — maziwa ya mbuzi.

Nakumbuka. Mzee alifika mahali tumbo lake likakataa ya ng'ombe kabisa. Nikazima, nikaenda kazini, sikumwambia mtu. Ofisini nikakosea karatasi za mzigo wa Uholanzi — mimi! — waridi jekundu nikaliandika jeupe. Bosi akanirudishia niziandike upya. Lilian wa meza ya pili akaniuliza kama nina mimba nyingine. Nikamwambia afunge domo lake.

Nimerudi saa kumi na moja. Ami ametapika kutwa. Kila akinyonya chupa, yote nje. Na mezani imesimama chupa ya soda imejaa maziwa ya mbuzi, ya leo leo, yametoka Poli.

Nikamuuliza mama mkwe, nani amekuambia? Sauti yangu ilikuwa mbaya. Akanishangaa. "Nani aniambie? Mtoto akikataa ya ng'ombe si anapewa ya mbuzi? Hata babu yake tulimfanyia hivyo hivyo."

Basi, rahisi hivyo. Mtu mzima anajua dawa zake, anazirudia. Mimi nimesomea hesabu. Nilifundishwa kila namba ina mahali ilipotoka, ukiitafuta utaipata.

Ami ameyanywa yote, hakutapika. Nilitaka nifurahi nikashindwa. Ninaogopa. Nimeandika sasa, ninaogopa.


Jumamosi, 4 Machi

Godwin amerudi kutoka Momela. Lodge anakofanya kazi imejaa watalii, amepata ruhusa ya leo na kesho tu. Nilimngoja getini kama mchumba. Hata begi hajaweka chini nimemwambia yote.

Akacheka. "Mama Aminiel, hiyo mashine haijui hata kama imewashwa." Akanionyesha. Kwenye programu, kila ukiandika kitu kuna kisanduku kidogo cha kurudia kila mwaka. Kinakuja tayari kimewekwa alama. Mimi alama hiyo naiondoa kila mara. Yeye hakuwahi kuiondoa, alikuwa anaandika haraka haraka akitoka hospitali. Sasa mwaka umefika, mashine inakumbusha. Kwisha habari.

Nikapumua. Kweli nilipumua! Nikaenda kumwekea chai.

Niliporudi hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameifungua orodha, anaishusha taratibu kwa kidole, midomo inacheza. Kila mstari anakumbuka alikuwa amekaa wapi alipouandika. Nikamwambia, Baba Ami, futa basi, yamepita. Akasema, "Baba hafutwi." Na mtoto? "Mtoto anahusikaje hapa?" Nikasema wewe mwenyewe unajua anahusikaje. Akasimama akasema watu waliosoma hawasemi maneno kama hayo. Nikamjibu, basi nimesahau nilichosoma.

Akamchukua Ami kibarazani kumwonyesha mlima. Leo ulikuwa wazi mpaka kileleni. Nikamsikia Ami anakohoa mara mbili, na Godwin akageuka nyuma haraka, kama mtu aliyeguswa bega. Hakuniona dirishani.

Chai imepoa hapo hapo mezani.


Jumatatu, 6 Machi

Nimempigia simu Bwana Abdiel, akaja jioni na kofia yake. Nikamwambia nataka wale Aminiel wawili niwatenganishe. Akakuna kidevu. Ukifuta jina, anasema, vyote vinaondoka, vya babu na vya mjukuu. Kurudisha kama zamani haiwezekani, ile mashine nyingine ameshaifuta. Iliyobaki ni kwa mkono, kimoja kimoja: hiki cha huyu, hiki cha yule. "Mashine haiwezi kujua kipi cha nani. Anayejua ni wewe."

Orodha ni ndefu mno. Nikamwambia basi aufunge ule ukumbusho nisiuone. Akaufunga.

Mlangoni akasita. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, mambo haya hayaamini kabisa, lakini lile swali lisingefaa kujibiwa kwa utani. Nikamuuliza, na aliyebonyeza ni nani? Akavaa kofia yake akaaga.


Jumatano, 8 Machi

Kutojua ni kubaya zaidi! Jana nzima na leo asubuhi nimekaa najiuliza imeandikwa nini leo. Ni kama kuna mtu nyuma ya mlango, unajua yupo, na hasemi.

Mchana simu ikalia ofisini. Mama mkwe, ambaye simu haigusi hata kwa kuifuta vumbi, alipiga mwenyewe. Mtoto anachemka, anahema mbavu zinaingia ndani. Gari liko Momela na Godwin. Nikamwambia asimamishe teksi yoyote, tukutane hospitali.

Nimonia. Wamemlaza. Uso wake umekuwa mdogo ghafla, macho makubwa. Ananitazama kama ananijua zamani.

Nimerudi nyumbani kuchukua nepi. Na nitaandika ukweli: kabla ya nepi niliwasha mashine, nikaurudisha ule ukumbusho. Aminiel — teksi.

Sasa mgonjwa gani haendi hospitali kwa teksi? Nimejiambia hivyo njia nzima.


Ijumaa, 10 Machi

Asubuhi nakuja nyumbani kuoga, mama mkwe anabaki wodini. Nafungua mashine kabla ya kuvua viatu. Siwezi kujizuia.

Leo: Aminiel — kinyozi.

Kinyozi! Nilicheka mpaka nikashika meza. Mzee alikuwa mtanashati, alikataa kulala kitandani na ndevu, Godwin akamletea kinyozi wodini. Sasa Ami anyolewe nini? Ana ndevu? Nywele zenyewe laini kama manyoya ya kifaranga, hazijaguswa tangu azaliwe. Imekosea! Mwishowe imekosea! Nimeoga naimba. Nimepaka mafuta, nimenunua ndizi mbivu njiani, nikaingia wodini natembea kama mtu wa kwenye harusi.

Ami alikuwa amenyolewa.

Upande mmoja, juu ya sikio. Ile sindano ya dripu ya mkononi ilitoka alfajiri, mishipa ikapotea, wakachoma mikono yote miwili na miguu wakakosa. Mwisho muuguzi — anaitwa Irine, binti mpole, hana kosa — akachukua wembe akatafuta mshipa wa kichwani. Watoto wote wadogo wanafanyiwa hivyo, ananiambia. Mama mkwe ameinama kitandani anaokota zile nywele, unywele mmoja mmoja, anazifunga kwenye pindo la kanga.

Nikakaa chini, sakafuni. Irine akadhani ni kuona sindano. "Mama Aminiel, usiogope, haimuumi sana."


Jumapili, 12 Machi

Godwin amekuja, lodge wamempa ruhusa. Baada ya ibada watu wa jumuiya walijaa wodini, wakaimba polepole, wakaomba. Ami ana mpira wa hewa puani. Hata kukohoa amechoka. Mimi nilisema amina kwenye kila kitu. Ningesema amina hata kwa shetani.

Walipoondoka mama mkwe akanishika mkono. Kwa upole. Huo upole ndio ulioniua. Akasema, "Mwanangu, hata iweje, jina halipotei."

Nikauondoa mkono wangu. Nilielewa. Wapo watoto wengine mbele, atakuja wa kiume, ataitwa Aminiel, ukoo utaendelea. Walishafanya hivyo kabla yangu, mashangazi zake Godwin wamenisimulia: Aminiel mmoja alifukiwa kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, na aliyemfuata akapewa jina hilo hilo, akaishi, ndiye akawa baba mkwe. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo kabla ya leo. Kumbe hata yeye alikuwa wa pili.

Nikasema, na wodi nzima ilisikia: "Mama, mimi sikuzaa jina."

Hakuna anayemjibu mama mkwe hivyo. Godwin akageukia dirishani. Nikangoja mama mkwe anitukane, nilitamani anitukane. Akasema tu, "Najua. Na mimi sikuolewa na jina."

Tukalia. Yeye kimyakimya, mimi kama ng'ombe. Baadaye nikamuuliza: Mama, siku ile fundi alipouliza, ulisema ni huyohuyo. Ni kweli? Ni yeye? Akamtazama mtoto. Ami alikuwa amelala mkono chini ya shavu, na sasa najua ni nani aliyekuwa akilala hivyo, hakuna haja ya kuniambia.

"Nilitaka awe yeye," akasema.


Jumatatu, 13 Machi

Asubuhi homa imeshuka. Mchana imepanda. Daktari anasema kesho tutaona. Ikikaa chini anaweza hata kutoka, wodi imejaa na nyumbani atapumzika vizuri zaidi. Isipokaa chini — hakumaliza. Aliitwa kitanda kingine.

Kesho ni tarehe kumi na nne. Ndiyo siku mzee alipofariki. Godwin anajua, nimemwona anahesabu kwa vidole kisha akaficha mkono. Mama mkwe anajua, alishapanga kupeleka maua kaburini. Sisi watatu tumekaa kuzunguka kitanda tunazungumzia bei ya saruji.


Jumanne, 14 Machi

Ami amepita usiku. Anahema. Homa hawajapima tena. Godwin amenifukuza nije nioge, anasema nanuka wodi. Akikuruhusu mtu kuondoka siku kama hii, anajua kitu au hajui kitu? Sikutaka kuuliza.

Nimewasha. Aminiel — mbao za jeneza.

Nimeusoma wote. Sikuanguka. Nimevuta kiti, nimekaa, daftari hili kushoto, kipanya kulia.

Bwana Abdiel alisema kwa mkono, kimoja kimoja, anayejua ni mimi. Haya. Nimefungua jina jipya. Nilifikiri nimpe jina lingine kabisa, la kwetu Machame, lakini moyo umekataa, Aminiel ni lake, amebatizwa nalo, analigeukia ukimwita. Nimeandika: Ami wa Sia. Sia ni mimi. Wakitaka kucheka wacheke.

Nimeanza. Mbao, babu. Misumari, babu. Kinyozi, babu. Teksi, babu, zote. Sabuni ya mtoto, Ami. Chandarua kidogo, Ami. Kila mara mashine inaniuliza kama nina hakika. Nina hakika! Ninabonyeza kwa nguvu mpaka kidole kinauma. Vingine vinakwenda haraka, sioni hata ugumu, mbona sikufanya hili tangu mwanzo? Nilimwachia nani?

Sasa vimebaki vigumu. Godwin aliendelea kuandika risiti za baba yake mwaka mzima, kila alipoikuta moja kwenye mfuko wa koti, na mimi nilikuwa naandika za mtoto siku hizo hizo. Wote tumeandika Aminiel na kitu, basi. Unga wa ulezi. Wa nani? Wote wawili walikuwa wanalishwa uji. Mpira wa kutandika kitandani. Wote wawili walilowesha. Mafuta ya kupaka mgongo. Mimi nilikuwepo siku zote na sijui! Mtu akianza na mtu akiisha wanatumia vitu vilevile, hakuna aliyewahi kuniambia.

Blanketi, bluu. Nilimnunulia Ami blanketi la bluu. Lakini mzee pia, walipomtoa hospitali na kumpandisha kwenye pikapu, alifunikwa la bluu, naliona mpaka sasa, upepo ulikuwa unalipeperusha kwenye kona moja.

Nimekata shauri. Cha mashaka chochote kinakwenda kwa babu. Shikamoo, baba. Ni mimi, mkweo. Uji chukua. Mpira chukua. Mafuta, chukua. Blanketi ni lako, chukua, nitamnunulia lingine. Hukuwahi kuninyima kitu ulipokuwa hai, hata siku ya mahari uliwaambia kaka zako wasinisumbue. Chukua vyote. Huyu niachie.

Vimebaki vichache.

Gari limesimama getini. Ni Godwin. Mapema hivi? Simu iko hapa pembeni yangu, haijalia asubuhi yote. Naona kupitia dirisha. Mama mkwe amekaa kiti cha nyuma, amempakata Ami. Amefunikwa gubigubi, hata uso. Upepo upo leo. Mtoto akitoka hospitali hufunikwa hivyo, asipigwe na upepo, kila mtu hufanya hivyo. Godwin hajashuka. Ameweka mikono kwenye usukani.

Mafuta ya taa, babu. Nina hakika.

Mama mkwe naye hajashuka. Anamtikisa tikisa. Au ni yeye mwenyewe anatikisika.

Limao, babu. Nina hakika.

Sasa Godwin ameshuka. Geti nimelifunga kwa ndani, anagonga. Mama Aminiel! Mama Aminiel! Nasikiliza sauti ilivyo na siielewi, ni sauti ya Godwin tu.

Nakuja. Bado kimoja. Kikombe cha plastiki chenye mfuniko. Walikinywea wote, nakumbuka vizuri, nilikiosha mimi, nikakihifadhi, nikakitoa tena. Mashine inangoja. Ngoja kwanza, Godwin, usigonge, ngoja nimalize hiki.